Bukta za Bafta

Jumanne, 1 Juni 1982

Lundo la tatu la mbegu za pamba lina joto tena. Nimechoma nondo ya chuma ndani yake asubuhi, nikaiacha humo kidogo, nikaichomoa na kuishika. Moto. Tumepindua lundo zima kwa makoleo, vibarua wote na mimi mwenyewe, na vumbi liko puani mpaka sasa. Msimamizi wa kinu cha kuchambulia pamba anataka kujua kwa nini mbegu zinachemka. Nimemweleza kama nilivyomweleza mwaka jana: wakulima wanaleta pamba yenye umande kwa sababu wanawahi foleni, na mbegu ikilala na unyevu inajichemsha yenyewe, na mbegu iliyochemka haioti. Kaitikia kwa kichwa, kaondoka. Kesho atauliza tena.

Nimerudi nyumbani Kalangalala hoi. Kumbe kuna mgeni, mtu wa Runzewe, kapitia na salamu za mzee wangu. Salamu zenyewe: msichana ameshapatikana, ng'ombe wa mahari wameshatengwa, pamba ikishauzwa mzee atakuja tumalize habari. Ameyasema hayo mbele ya mke wangu Minza, huku anakula ugali wa Minza.

Miaka sita ya ndoa, hakuna mtoto. Najua. Sihitaji mtu asafiri kutoka Runzewe kuja kunikumbusha.

Alhamisi, 3 Juni

Leo jioni nikamwambia Minza, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna mganga mpya anasifiwa sana, yuko njia ya kwenda kwao Kharumwa. Laiti ningenyamaza. Aliweka mwiko chini.

"Mimi nimeshapimwa na kila mtu, Masalu. Tumbo langu limeshikwa na watu nisiowajua hata majina. Wewe nani amekupima?"

Nilitoka nje. Nilikasirika. Mimi nipimwe nini? Nabeba gunia la mbegu begani bila kuguna. Mambo ya chumbani hayana kasoro, na yeye anajua. Nikazunguka mpaka sokoni, sikununua kitu, nikarudi. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa. Nimekula kikiwa kimepoa. Bado nina hasira.

Ijumaa, 4 Juni

Hakuna aliyenipima. Hilo ndilo jibu. Naliandika hapa kwa sababu kulitamka siwezi.

Minza kapelekwa kwa waganga watatu. Chale kiunoni. Mizizi iliyomtapisha wiki nzima. Nesi wa hospitali aliyemkagua na kusema yuko sawa, nami nikasema nesi hajui kazi. Yote hayo Minza kayabeba, na hapa mtaani kila mwanamke anaitwa Mama Fulani, yeye bado anaitwa Ng'wana Lubinza, kwa jina la baba yake, kama msichana aliyekuja kusalimia.

Jumatatu, 7 Juni

Nimekwenda hospitali kupimwa. Kazini nimeaga kwamba jino linauma.

Kwanza aibu ya kichupa. Mtu mzima, mwenye ndevu, unapewa kichupa kilichokuwa cha dawa ya sindano, unaelekezwa choo cha nyuma ya wodi. Nje akina mama wamejaa kliniki ya watoto, wanafundishwa wimbo wa lishe, wanapiga makofi. Sitaeleza zaidi. Ilichukua muda mrefu, na nilipotoka nilikuwa na ugomvi na kila kiumbe.

Tabibu anaitwa Kaijage, mtu wa Bukoba, mpole, anaongea taratibu mno. Akatazama kwenye hadubini kwa muda. Mbegu zipo, akasema, ila chache, na hizo chache ni goigoi. Niliona ukuta unasogea. Akaniambia nivue suruali anikague. Nikavua. Akasimama kuitazama chupi yangu.

Ni chupi nzuri. Nailoni ya buluu, inabana barabara, nimenunua kwa mchuuzi anayezitoa ng'ambo ya mpaka. Ninazo nne. Nimezivaa tangu kabla sijaoa, na suruali yangu ya bugaluu iliyobana mapajani, na nilijiona kijana wa mjini.

Akanieleza. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi kuliko sehemu nyingine. Ukizibana na nailoni mchana kutwa, zinapata joto la mwili, na mbegu huenda zikapungua. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo sababu. Akasema inawezekana. Nikamwuliza tena, ndiyo au siyo? Akasema wako wanaume wanavaa hivyo hivyo na nyumba imejaa watoto, na wako wanaovaa kanzu tupu na hawana hata mmoja. Inawezekana, basi. Nivae nguo za ndani za pamba, pana, zisizobana, nirudi Septemba, maana mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa.

Inawezekana. Neno hilo nitalichukia.

Lakini nilimwelewa. Joto linaua mbegu. Kuna mtu Geita nzima anayejua hilo kuliko mimi? Kazi yangu yote ni hiyo. Niliporudi nyumbani nilimweleza Minza kwa sauti ya chini. Hakushangilia wala hakunicheka. Alisema tu kwamba basi tutafute hizo za pamba.

Jumanne, 8 Juni

Hakuna.

Nimepita maduka yote. Bukta ya pamba hakuna. Chupi ya pamba hakuna. Kuna sabuni ya kipande kwa anayejuana na mwenye duka, kuna nyembe, kuna rangi ya viatu, na kwa wachuuzi kuna nailoni, nailoni, nailoni. Nimetoka kazini ambako pamba imejaa mpaka darini, robota zimepangwa nje kwa sababu ndani hapatoshi, barabarani pamba imenasa kwenye miiba, kwenye nywele zangu kuna pamba, na katika mkoa huu mzima mwanaume hawezi kupata kitambaa cha pamba cha kufunika makalio yake. Tunaipanda, tunaichuma, tunaichambua, tunaipakia, inaondoka. Inakwenda wapi? Nani anaivaa?

Jumamosi, 12 Juni

Mzee Kanji mwenye duka ana kitambaa. Ana jora la bafta nyeupe, safi, pamba tupu, limefichwa chini ya kaunta. Nilipoliomba akaniuliza kwa huruma nani amefariki. Analitunza kwa ajili ya sanda. Bidhaa zimeadimika, na hataki siku moja watu waje na maiti yeye akose cha kuwapa. Nikamwambia hakuna aliyefariki. Basi haiuzwi, akasema.

Ilibidi nimwambie. Nyuma yangu kuna watu wanasubiri mafuta ya taa, na mimi nimeinama juu ya kaunta namnong'oneza Mhindi habari za korodani zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakutabasamu. Akapima, akakata, akafunga kwenye gazeti. Najua hatamwambia mtu, na kwa hilo namheshimu.

Fundi Ramadhani ni mtu mwingine. Alipokiona kitambaa aliondoa mguu kwenye cherehani. Bukta za sanda? Akataka kujua kama nimerogwa. Nikamwambia ashone tu, pana, na lastiki isiyobana. Kashona tano. Kwa uso wake najua habari imeshafika mpaka mtaa wa Nyankumbu.

Minza alipoziona alicheka mpaka akakaa chini. Alinifanya nivae moja nizunguke chumbani. Akasema nafanana na maiti aliyebadilisha mawazo. Mwaka huu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimekasirika tangu Jumanne.

Jumapili, 20 Juni

Bukta pana haziingii ndani ya bugaluu. Zinajikunja, zinapanda, zinafanya donge. Natembea kama nina jipu. Nimechubuka mapajani.

Zikianikwa, mtaa mzima unaziona. Jirani yetu Mama Shija amesimama kwenye ua leo kabla ya kwenda kanisani akauliza kama tunapokea wageni wa serikali, maana anaona bendera. Wanawake wakaangua kicheko. Kinuni vibarua wameshaniita Bwana Bendera. Mmoja kanipigia saluti. Nilimpa koleo na lundo zima peke yake.

Jumatano, 14 Julai

Mpumbavu mimi. Wakati wa chakula huwa napanda juu ya lundo la mbegu, nakaa, naegemea ukuta. Miaka yote nakaa pale. Pazuri, panabonyea, panatoa vuguvugu safi kiunoni. Leo nimekaa, nimefungua bakuli langu, nimefikisha tonge mdomoni, nikakumbuka nimekalia nini. Nimeruka kama nimeumwa na siafu. Vibarua wakadhani nyoka.

Mwezi mzima nimevaa sanda ili nipoe, na mchana najipika mwenyewe.

Kuanzia sasa nasimama. Miguu inauma. Suruali nimebadilisha pia, nimenunua kuukuu pana ya mtu mnene, nimefunga mkanda. Minza anasema sura ya kijana wa mjini imekwisha kabisa.

Jumapili, 8 Agosti

Mzee amekuja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, akaomba maji. Kisha akatazama uani. Akaona bukta zangu kwenye kamba, nyeupe, zimepangwa. Alisimama. Uso wake ukabadilika, ukawa mwororo, nikajua anachofikiri. Alidhani ni nepi. Aliuliza kwa sauti ndogo ni za nani.

Nikamwambia ni nguo zangu za ndani. Akakaa.

Baada ya hapo alikuwa mkali kuliko kawaida. Msichana ni wa watu wazuri, Wasumbwa, wanalima, hawana maneno. Minza hafukuzwi, atakaa, lakini jina la ukoo haliwezi kungoja. Nikamwambia asubiri mpaka mwisho wa Septemba. Kwa nini Septemba? Nikasema kazi kinuni ni nyingi. Akaniangalia. Akasema Septemba basi, haivuki.

Minza alikuwa jikoni, mlango wazi. Alisikia yote. Alileta chakula, akapiga goti, akamnawisha mzee mikono vizuri kabisa. Mimi sikuweza kumtazama. Ningeweza kumwambia mzee habari za hospitali, nikashindwa. Nina hasira naye na nina hasira na ulimi wangu.

Jumamosi, 4 Septemba

Jumatatu napimwa. Safari hii sirudi kwenye choo kile na wimbo wa lishe. Mara ile tabibu alisema naweza kutoa nyumbani mradi nifike upesi. Nimeazima baiskeli.

Nimefikiri sana jinsi ya kukibeba kichupa. Jua la Septemba halina mchezo, na mbegu yangu nimeilinda na joto miezi hii yote, nimesimama mpaka miguu ikavimba, halafu niiache ipikwe njiani kati ya hapa na hospitali? Sithubutu. Mzee Kanji ana friji la mafuta ya taa anapozea soda. Nimemwomba barafu, nimemwambia mguu wa Minza umeteguka. Nitaweka kwenye chupa ya chai, kichupa katikati, kitambaa juu. Minza aliuliza kama tabibu ndivyo alivyosema. Nikamwambia mambo ya mbegu aniachie mimi.

Jumatatu, 6 Septemba

Zimekufa.

Tabibu Kaijage amesafiri. Alikuwepo kijana mgeni wa maabara. Alitazama, akarudia, akaja dirishani palipo na watu, akaniambia hakuna hata moja inayotembea. Zote zimekufa. Nikamwuliza atazame tena. Akasema ametazama.

Nimerudi kazini. Nimechoma nondo kwenye malundo yote. Yako sawa yote.

Jumanne, 7 Septemba

Juni zilikuwa chache. Sasa hamna. Basi bukta zimesaidia nini? Nimechekwa na mtaa, nimevaa nguo ya maiti, nimejichubua, nimekula nikiwa nimesimama kama farasi, na nimekwenda kinyumenyume. Nimezitoa zote kwenye kamba nikazitupa jalalani. Baadaye nimeona Minza ameziokota, amezifua. Nimemfokea kwa hilo. Ameendelea kuzianika.

Jumatano, 8 Septemba

Nimemwambia Minza arudi kwao.

Nilimwambia bila ukali. Nilimwambia ana miaka ishirini na sita, yeye mzima, nesi alisema yuko sawa na nesi alijua kazi yake. Akienda sasa ataolewa na mtu mwingine, atazaa. Akikaa na mimi ataitwa Ng'wana Lubinza mpaka nywele ziote mvi. Niliona nafanya jambo la kiume. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, polepole, punje moja moja, mpaka ukaisha. Kisha akauliza kama nimemaliza kusema. Nikasema nimemaliza.

Jumamosi, 11 Septemba

Kaka yake Lukas amekuja na baiskeli. Akafunga sanduku nyuma, akafunga na godoro dogo. Shemeji yangu hakuniuliza kitu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Minza alikwenda kwa miguu kando ya baiskeli mpaka stendi. Hakugeuka.

Mama Shija alikuwa ameshika ufagio. Safari hii hakuwa na utani.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimepika ugali ukaungua. Nimekula mkate. Maji yamekwisha kwenye mtungi na sikujua kwamba maji yanaisha upesi hivyo.

Jumapili, 19 Septemba

Mzee amekuja mapema kabla ya muda tuliopatana. Ng'ombe wanaondoka Jumamosi kwenda kwa wakwe wapya. Alifurahi kusikia Minza yuko kwao, akaona mambo yamejipanga yenyewe. Akaanza kunieleza habari za msichana. Ana miaka kumi na nane. Anaimba kanisani. Ana mikono ya kazi.

Nikamwona. Nikamwona msichana huyo amekaa pale pale alipokuwa akikaa Minza, anachambua mchele ule ule, miaka sita, na mimi namtafutia mganga.

"Baba, usipeleke ng'ombe," nikasema. "Mgonjwa ni mimi. Nimepimwa."

Hakuelewa kwanza. Nikamweleza yote, hospitali, hadubini, bukta, Juni na Septemba. Nilimweleza nikitazama miguu yake. Nilipomaliza alikuwa amezeeka. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Minza anajua. Nikasema anajua tangu mwanzo. Akauliza basi kwa nini yeye ndiye aliyeondoka. Akachukua fimbo yake, akasema atawahi lori, akaenda bila kula.

Nimefunga mlango nimelia. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 27 Septemba

Nimekwenda kumwuliza tabibu Kaijage kama kuna dawa. Amerudi safarini. Alisoma majibu ya yule kijana akakunja uso. Akasema ni ajabu, chache huwa chache, lakini zote kufa kwa mara moja si kawaida. Akaniuliza nilitolea wapi. Nyumbani, nikasema. Nilichelewa njiani? Hapana, niliendesha kama kichaa. Nilibebaje?

Nikamweleza habari za barafu. Nilimweleza kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe. Hata siku ile ya maafa nilikuwa najisifu moyoni kwamba angalau kubeba nilibeba vizuri.

Alivua miwani. Akafunga macho. Kisha akaniambia, taratibu kama kawaida yake, kwamba mbegu ya mtu si mbegu ya pamba. Haitaki joto la kubanwa kila siku, lakini ikishatoka inatakiwa ibaki vuguvugu, kwapani au mfukoni, ikae joto la mwili. Barafu inaiua. Hata ningeleta mbegu za fahali aliyezaa ndama mia kwa namna ile, nazo zingekufa.

Nilikaa. Sikujua nicheke au nipige meza. Nimemfukuza mke wangu kwa sababu ya barafu ya soda. Nimemzeesha baba yangu kwa barafu ya soda. Nilikuwa na hamu ya kumlaumu mtu na hapakuwa na mtu. Tabibu hakuniambia, kweli, lakini mimi sikuuliza, na aliyeuliza nilimwambia aniachie mimi.

Amesema nirudi Jumatatu ijayo.

Jumatatu, 4 Oktoba

Nilikibeba kichupa kwapani, chini ya shati, nikaendesha baiskeli kwa mkono mmoja. Mama Shija aliniuliza kama mkono umevunjika. Nikamwambia ndiyo.

Zipo. Zinatembea. Tabibu ameniita nitazame mwenyewe. Nimefumba jicho moja, mwanzo nikaona kope zangu tu, halafu nikaziona. Ndogo mno, zina mikia, zina haraka. Nyingine zinazunguka mahali pamoja kama zimesahau zilichotumwa. Amesema ni nyingi kuliko za Juni na zina nguvu kuliko za Juni, ila bado pungufu. Mtoto anaweza kupatikana. Anaweza pia asipatikane.

Nikamwuliza: ni bukta? Akasema inawezekana. Nikamkumbusha nimeacha pia kukaa kwenye lundo. Akasema na hilo linawezekana. Na inawezekana pia si bukta wala lundo, maana hesabu hizi hupanda na kushuka zenyewe kwa mtu yule yule. Nikamwomba anipe jibu moja niondoke nalo. Akasema angekuwa nalo angenipa.

Nimemshukuru. Nilitaka kumtikisa, lakini nimemshukuru.

Jumapili, 10 Oktoba

Kharumwa. Nimeshuka kwenye lori na vumbi mwili mzima. Nimekuta Minza na mama yake wanabangua karanga. Nikaamkia, mama mkwe akaitikia kwa furaha, akaniletea kigoda, akauliza kazi, akauliza mzee. Nilishangaa. Nilitegemea kununiwa. Kisha nikaelewa kutokana na maneno yake: Minza aliwaambia amekuja kusaidia karanga. Ni hivyo tu. Mwezi mzima hakuwaambia habari za hospitali wala habari za kufukuzwa. Na Lukas naye hakusema.

Mama yake alipokwenda kwenye chungu nikamweleza Minza haraka haraka. Barafu, kichupa kwapani, nyingi kuliko za Juni. Nilisema yote kwa pumzi moja. Aliendelea kubangua.

"Sikuondoka kwa sababu ya majibu," akasema. "Niliondoka kwa sababu uliniambia niondoke."

Nikamwomba radhi. Sijawahi kumwomba radhi tangu nimuoe, na nilidhani ni kazi ngumu kuliko ilivyo. Nikamwambia pia kwamba nilimweleza mzee ukweli, wakati bado naamini zimekufa, na ng'ombe hawakwenda. Hapo ndipo aliponitazama. Akanisogezea ungo wa karanga, akasema zimebaki magunia mawili na yeye haondoki mpaka ziishe.

Nimebangua mpaka vidole vimetoka malengelenge.

Jumapili, 17 Oktoba

Tumerudi juzi. Nyumba imefagiliwa. Mtungi una maji. Mama Shija amekuja na mayai.

Jumatano, 27 Oktoba

Mtu wa Runzewe amepita tena. Mzee anasema ng'ombe wamerudi kundini. Hakuna maneno mengine. Ametuma kibuyu cha samli, na amesisitiza ni cha Minza, si changu.

Vibarua wameniuliza mbona sikai siku hizi wakati wa chakula. Nimewaambia nimezoea. Nimechoka kusubiri jambo nisilojua kama linakuja, na nimechoka kutokujua lipi limesaidia. Kila kukicha navaa bukta kama mtu anavyomeza dawa isiyo na jina.

Jumamosi, 6 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Leo sikuwa na zamu.

Minza ameingia siku zake. Miaka sita alikuwa ananificha. Nilijua kwa kuona amenyamaza, au amekwenda kulala mapema, au macho yamevimba, na mimi nilijifanya sioni, na wote wawili tulipita pembeni ya jambo hilo mwezi hadi mwezi kama watu wasiofahamiana. Leo amekuja mlangoni na kuniambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoniambia chumvi imekwisha. Akasema tumbo linamuuma.

Nikasema nimesikia. Nikawasha moto, nikabandika maji, tukakaa jikoni tukiyangoja yachemke. Hakuna aliyetoka nje.